Utamwona Ukiamka

Asubuhi ile mjini Bujumbura kulikuwa na mistari miwili sambamba, na wote waliokuwamo walikuwa wamenuna. Mmoja ulikuwa wa magari yaliyongoja mafuta kwenye kituo ambacho hakuna aliyekuwa na hakika kama kina mafuta. Wa pili ulikuwa wa watu waliongoja mabasi, na mabasi hayakuja kwa sababu nayo yalikuwa yamekwama kwenye ule mstari wa kwanza.

Raïssa alisimama kwenye mstari wa watu, akitaka kurudi kwao Musaga. Alikuwa ametoka zamu hospitalini. Gauni lake la kitenge cha rangi ya chungwa lilikuwa na mikunjo ya kabati la kazini, blauzi nyeupe ya kazi ameikunja ndani ya mkoba, na miguu ilikuwa imevimba hadi alitamani kuvua viatu avishike mkononi. Ubavuni pake, kijana mmoja alikuwa akisukuma gari peke yake. Shati lake lilikuwa limelowa jasho na kofia yake ya nakshi imerudi kisogoni. Gari la mbele liliposogea, alisukuma la kwake kwa nyuma, akakimbia mlangoni kunyoosha usukani, akarudi nyuma, akakuta limepinda tena.

"Dada! We wa orange!" aliita. "Samahani, njo unisaidie."

"Mi?"

"We. Ingia ushike volant, mi nasukuma."

"Mi sijui kuendesha!"

"Moteur imezima, dada. Haiwezi kwenda popote. Shika tu."

Watu wakaanza kucheka, na kicheko hicho ndicho kilichomwingiza Raïssa garini, maana hakupenda kuchekwa. Akashika usukani kwa mikono miwili kama mtu aliyeshika sufuria ya moto. Gari likateleza polepole, likaendelea kuteleza, na kabla hajakumbuka kuuliza breki iko wapi, likabusu kisogo cha teksi iliyotangulia.

Dereva wa teksi akatoka. "Nani alikupa permis, weye?"

Raïssa akatoa kichwa dirishani. "Huyu wa nyuma!"

Mstari mzima ukaangua kicheko, hata dereva mwenyewe. Kijana alikuja akiwa ameshika mbavu, akaomba radhi kwa niaba ya "chauffeur wangu, ni siku yake ya kwanza," kisha akatoa chupa ya chai chini ya kiti. Ilikuwa chai ya tangawizi, na kikombe kilikuwa kimoja tu, kile kifuniko cha chupa. Wakanywa kwa zamu, kwenye jua, huku magari yakipiga honi bila sababu.

"Mi naitwa Suud. Tuna duka ya vitenge hapa chini. We unafanya kazi gani?"

"Niko infirmière."

"Muganga! Basi mi nimepata bahati. Nikianguka hapa na hili jua, utaniamsha."

"Kuamsha watu ndiyo kazi naitaka," alisema Raïssa, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile hakutania. "Bado sijaipata."

Mafuta hayakupatikana siku ile. Namba ya simu ilipatikana.

*

Zikafuata simu. Suud alimpigia akiwa dukani juu ya ngazi, anatafuta jora la kitambaa, na wateja wanasubiri chini. Raïssa alipokea akiwa anasonga ubwari jikoni kwao, simu ameibana kwa bega.

"Habibti, umeamka?"

"Chérie yako alilala saa ngapi hata aamke?"

"Chauffeur wangu, nikupeleke wapi Jumapili?"

"Nipeleke mahali hakuna volant."

Akampeleka ufukweni, wakala mukeke wa kuchoma na ndizi, wakiwa na vidole vyeusi vya masizi. Raïssa alivaa blauzi ya kijani na hereni alizoazima kwa dada yake. Suud alikuwa na habari njema, na alishindwa kuizuia hadi samaki aishe.

"Kuna clinique moja Kinanira, juu kule kwenye upepo. Mwenye nayo ni mteja wetu. Nimesema na yeye. Consultations tu, mchana tu. Unapima watu pressure, unaenda nyumbani. Wanakungoja Jumatatu."

Raïssa aliweka mwiba chini. "Jumatatu mi naanza réa."

"Réa gani?"

"Réanimation. Pale wanapolala watu wa mashine. Nimeomba mwenyewe, wamekubali."

"Uliomba? Watu wanakimbia huko, we unaomba?"

"Suud, sikiliza. Nataka kusoma anesthésie, kulaza watu wa kupasuliwa. Shule inataka kwanza mutu amefanya kazi réa. Na hata kama isingetaka, mi ningeenda."

"Kulaza mutu ni kazi ya kwenda kutafuta mateso?"

"Kulaza ni rahisi, hata pombe inalaza. Kazi ni kumushika akiwa amelala, asikuponyoke, halafu kumurudisha. Hiyo huifundishwi Kinanira ukipima pressure ya watu wenye afya."

Akamweleza juu ya Herménégilde, mzee wa kazi ya dawa za usingizi pale hospitalini. Alipokuwa mwanafunzi, Raïssa alimwona akiinama juu ya mama mmoja aliyekuwa ametoka kupasuliwa, akamwita kama mtu anayemwita jirani ng'ambo ya ua: Léoncie! Léoncie! Fungua macho. Na yule mama akafungua. "Nilitaka kuwa ile sauti," alisema Raïssa. "Basi, ni hiyo tu."

Suud akamtolea kipande cha mwisho cha samaki, cha tumboni, ambacho hakuna mtu Bujumbura anayempa mtu asiyempenda.

"Sawa, patron," alisema. "Lakini ukiwa na usingizi usinishikie volant."

*

Baba yake Suud, Mzee Azhar, aliuza vitambaa tangu ujana wake, na baba yake aliuza kabla yake. Aliposikia juu ya msichana Mkristo wa Musaga, hakupiga kelele. Alisema neno moja, "Sitamwona," na Suud akajibu maneno mengi, mengine mabaya, mbele ya wateja. Tangu siku hiyo mzee hakumsemesha mwanawe tena. Akitaka kitu, hata wakiwa meza moja, alimgeukia mkewe, Bi Sheikha.

"Mwambie Suud apitishe chumvi."

"Suud, baba yako anataka chumvi."

"Mwambie Suud afunge duka mapema, leo kuna mvua."

Na Suud, aliyeketi pale pale, alifunga mdomo na kupitisha chumvi. Nyumba nzima ikazoea. Bi Sheikha akawa njia ya maneno, mpaka yalipomchosha.

Raïssa aliyajua hayo yote na yalimkera moyoni. "Unagombana na baba yako juu yangu," alimwambia Suud kwenye simu. "Nami sijamwona hata uso."

Alimwona. Alimwona kwa namna ambayo hakuna aliyeitaka.

Msimu wa mvua Mzee Azhar alishikwa na homa ya mapafu, na homa ikamshinda. Walipomleta réa, akihema kama mtu aliyekimbia kutoka Mutakura kwa miguu, Raïssa ndiye aliyekuwa zamu. Alikuwa amefunga barakoa na kuficha nywele kwenye kofia ya kazi. Alisoma jina kwenye karatasi, akashika ukingo wa kitanda.

Angeweza kumwambia Herménégilde: huyu ni baba ya mutu wangu, niweke kwa kitanda kingine. Ndivyo kazi inavyotaka. Hakusema. Alijiambia kwamba hakuna atakayemwangalia mzee vizuri kama yeye, na hilo lilikuwa kweli. Lilikuwepo jingine pia, nalo kweli: alitaka mzee apone mikononi mwake, kisha avue barakoa na kusema, ni mimi.

Pale hospitalini, kama kwingine nchini, kila mgonjwa huja na mtu wake, garde-malade, wa kumlisha na kumwosha. Lakini réa mlango umefungwa. Garde-malade hukaa nje kibarazani na masufuria yao na mikeka, wakingoja kuitwa. Suud aliingia mara moja tu. Mzee alipomwona aligeuza uso ukutani, oksijeni ikivuma puani mwake. Suud akatoka, hakuingia tena. Akawa anakaa kwenye benchi chini ya dirisha kutwa nzima, chupa ya chai katikati ya miguu, na Bi Sheikha akaingia badala yake.

"Amesema kitu?" aliuliza Suud kila Raïssa alipopita.

"Amekula uji kidogo."

"Mi nauliza kama amesema kitu."

"Apana, chéri. Amechoka tu."

Mzee hakuwa amechoka kusema na Raïssa. Alimwita binti. Alimuuliza kitambaa cha blauzi yake kilitoka wapi, akakishika ncha, akakikosoa: "Hiki kitapauka." Raïssa alicheka nyuma ya barakoa, na aliporudi kwao jioni hakumwambia Suud kwamba baba yake anatania. Aliona aibu kuwa na kitu ambacho Suud hana.

*

Siku ile mzee alianza kuchoka kweli. Ilikuwa alasiri, jua limeingia hadi katikati ya chumba, na Bi Sheikha alikuwa amekwenda nyumbani kubadili nguo. Herménégilde alisimama miguuni mwa kitanda akatazama kifua cha mzee kikipanda na kushuka.

"Tusingoje aanguke," alisema. "Tunamulaza, tunaweka tube kooni, mashine ipumue kwa ajili yake. Mzee, umesikia?"

Mzee akaitika kwa kichwa.

Kisha Herménégilde akamgeukia Raïssa. "Leo we utakaa kichwani."

Wasiofanya kazi hiyo hawawezi kujua neno hilo lina uzito gani. Tangu aingie réa, Raïssa alisimama mkononi: alitafuta mshipa, alipitisha sindano, alishika vyombo. Anayekaa kichwani ndiye anayeshika barakoa na kupiga hewa, na ndiye anayesema na mgonjwa hadi asinzie. Ni nafasi ya kwanza ya anesthésie yenyewe. Furaha ilimpanda kama maziwa jikoni, na alikuwa na haya nayo hata ilipokuwa ikipanda.

Akaenda kichwani. Kutoka pale, dirisha lilikuwa mbele yake. Alimwona Suud kwenye benchi, ameinamisha shingo, anazungusha kifuniko cha chupa kwenye kidole.

Mzee akasogeza barakoa ya oksijeni pembeni.

"Binti."

"Naam, mzee."

"Mwambie Suud aje kwanza."

Raïssa alisikia vizuri. Alitazama namba ya oksijeni: ilikuwa ikishuka, lakini polepole. Alitazama sindano mkononi mwa Herménégilde. Ilikuwa ni kuvuka mlango tu na kuita jina. Lakini angeliita vile anavyoliita, Suud angeingia na kumtazama vile anavyomtazama, Herménégilde angeona, angeuliza, na nafasi ya kichwani ingepewa mwingine. Yote hayo yalimpita moyoni kwa muda mfupi kuliko wa kuyasoma.

Akainama, akamrudishia mzee barakoa.

"Utamwona ukiamka, mzee."

Mzee Azhar alimtazama kama alivyowatazama, maisha yake yote, wateja wanaoapa kwamba watarudi kesho. Kisha akafumba macho.

Raïssa alishika taya, alibana barakoa, alipiga hewa kwa utulivu, kifua kikapanda sawasawa. Tube ikaingia bila shida.

"Mikono mizuri," alisema Herménégilde.

Na hicho ndicho kilichomtafuna baadaye: kwamba hakuna kilichoharibika. Kila kitu alikifanya vizuri.

Mapafu hayakurudi. Mzee aliendelea kulala, mashine ikipumua, siku baada ya siku. Raïssa alimwosha, alimgeuza, alimwita sikioni kwa sauti ile aliyoitaka tangu alipokuwa mwanafunzi: Mzee Azhar! Mzee! Fungua macho. Asubuhi moja yenye jua, wakati watu kibarazani wakikaanga mikate, moyo wake ukasimama, na hawakuweza kuurudisha.

Raïssa ndiye aliyefungua mlango. Suud alisimama. Aliuona uso wake, akajua.

*

Baada ya maziko, Raïssa alianza kupotea. Hakwenda hitimani. Simu ilipolia aliitazama mpaka ikanyamaza. Akipokea, alijibu kwa ufupi.

"Uko wapi, habibti?"

"Kazini."

"Jana pia?"

"Jana pia."

"Raïssa, mi nimefiwa. We unanikimbia kama deni."

Suud alikuwa amesimama nyuma ya duka, kati ya majora ya vitambaa, nayo majora humeza sauti. Alisema polepole, kama mtu anayechagua jiwe la kurusha:

"Houda, binti ya shangazi yangu, ameniambia. Dossier za kuomba shule ya anesthésie zimefunguliwa. Ndiyo hiyo, sivyo? Réa umeimaliza, umepata ulichokuwa unatafuta. Baba yangu alikuwa somo lako. Sasa unaenda zako."

Alisema hivyo ili Raïssa akanushe. Alitaka apige kelele, amtukane, alie. Hakujua kwamba jiwe lake lilikuwa limepiga pale pale penye kidonda.

"Ndiyo," alisema Raïssa. "Ni hivyo."

Akakata simu. Uongo huo ulikuwa mwepesi kuliko ukweli, na kwa siku chache alipumua. Kisha ukawa mzito.

Wala dossier hakuipeleka. Karatasi zilikaa chini ya godoro lake kule Musaga, cheti cha réa juu kabisa, na kila akikigusa alimwona mzee ameshika ncha ya blauzi yake.

Herménégilde ndiye aliyemshika. Alimkuta kwenye sinki, ananawa mikono ambayo tayari ilikuwa safi.

"Dossier yako iko wapi?"

"Siipeleki."

"Kwa nini, mwanangu?"

"Yule mzee wa vitenge. Siku ya tube. Aliomba mutoto wake aje kwanza. Ulisikia?"

Herménégilde alifungua bomba la pili. Alinawa kidole kimoja kimoja, kama alivyozoea.

"Nilisikia."

"Kwa nini hukusema kitu?"

"Aliyeko kichwani ndiye anasema na mgonjwa. Nilikungoja. Halafu uliinama, ukasema, nami nikasukuma dawa. Hata mi ningeweza kusema subiri."

"Muda ulikuwepo?"

Raïssa alitaka aseme apana. Kila kitu ndani yake kilimwomba mzee yule wa kazi aseme apana.

"Ulikuwepo," alisema Herménégilde. "Wa kuita mutu mulangoni, ulikuwepo."

"Alikuwa baba ya mupenzi wangu. Sikukuambia."

Herménégilde alifunga bomba, akajifuta mikono kwa blauzi yake nyeupe ya kazi.

"Sasa umeniambia. Sikia. Mi nina wengi wa namna hiyo, siwezi kukuondolea wako mmoja. Lakini mutu wa anesthésie asiyekuwa na hata mmoja, mi sitaki anilaze." Akaelekea mlangoni, akageuka. "Na maneno ya yule mzee si ya kwako. Unayaweka kwa nani?"

*

Duka la Mzee Azhar lilikuwa limejaa. Akina mama walikuwa wanachagua vitenge vya harusi, wakivitandaza, wakigombania bei. Raïssa aliingia na gauni lake la chungwa, lile la siku ya kwanza, si kwa makusudi. Ndilo lililokuwa kavu. Suud alikuwa anakata kitambaa. Mkasi ukasimama katikati.

"Tumefunga," alimwambia.

"Umefunga nini na watu wamejaa hapa?" alidakia mama mmoja.

"Nipe muda kidogo tu," alisema Raïssa. "Halafu hutaniona."

Wakaenda nyuma, kwenye majora. Hakukuwa na kiti. Raïssa alikuwa ameyapanga maneno yake njia nzima kutoka Musaga, na pale yakampotea yote, likabaki neno moja.

"Kabla tumulaze, baba yako alikuita."

Suud hakuelewa. "Nani alimulaza?"

"Sisi. Mi nilikuwa kichwani. Alitoa masque, akasema na mimi. Alikutaka uje. Sikukuita."

"Baba hakuwa anasema na mimi."

"Siku ile alitaka."

"Unanidanganya. Umenionea huruma, unanitengenezea maneno." Sauti yake ilipanda, na mbele ya duka kelele za bei zikapungua. "Alisema nini? Maneno yenyewe. Usiongeze kitu."

"Alisema: Mwambie Suud aje kwanza."

Suud alifungua mdomo. Kikamtoka kitu kama kicheko, kikavunjika njiani. Akakaa juu ya jora la kitambaa cheupe.

"Mwambie Suud," alirudia. "Mwambie Suud. Mwambie Suud apitishe chumvi." Akafunika uso. "Ni yeye. Huwezi kuyatengeneza hayo."

Alikuwa amekaa miezi akiamini kwamba baba yake alikwenda kaburini na uso umegeukia ukutani. Raïssa alitaka kumshika bega, akauzuia mkono wake.

"Mi nilikuwa wapi?" aliuliza Suud kutoka nyuma ya viganja.

"Nje. Kwa benchi."

"Karibu vile?"

"Nilikuona kwa dirisha."

"Uliniona. Kwa nini hukuita?"

Hapa ndipo angeweza kusema oksijeni ilikuwa inashuka, na isingekuwa uongo wote.

"Nilitaka kubaki kichwani. Ilikuwa mara yangu ya kwanza. Nikamuambia atakuona akiamka."

Suud alisimama. Alichukua kitambaa kilichokuwa kimeshakunjwa, akakikunja tena, pembe kwa pembe, mpaka kikawa kidogo kisichoweza kukunjwa zaidi.

"Umekaa na neno la baba yangu moyoni mwako miezi yote hii," alisema. "Nami nilikuwa nakupigia simu nikubembeleze. Nenda, Raïssa."

Akaenda. Wale akina mama wakampisha njia.

*

Jioni Suud alimsimulia mama yake, akitaka amsaidie kukasirika. Bi Sheikha alikuwa anachambua mchele, mavazi yake ya eda meupe yamemeza mwili wake mdogo. Alisikiliza hadi mwisho.

"Hata huko hospitali aliniambia," alisema. "Siku ile ya kwanza, ulipotoka. Mwambie Suud asikae juani. Sikukuambia."

"Mama?"

"Nilikuwa nimechoka kuyabeba. Chumvi, duka, jua. Nikasema, wakitaka wasemezane wenyewe." Aliokota chuya, akaliweka pembeni. "Mi ni mke wake, na neno lake nimeliacha njiani. Huyo binti wa watu alijua utamfukuza, na amelileta mpaka dukani."

Kesho yake Suud alikaa juani, nje ya duka, muda mrefu bila sababu.

Ikapita mvua, likaja jua kali. Mafuta yalipatikana, yakaisha tena. Siku moja alichemsha chai ya tangawizi, akaijaza kwenye chupa, akaenda hospitalini kwa miguu.

Kibaraza kilikuwa vile vile: masufuria, mikeka, watu waliojifunza kulala wameketi. Akakaa kwenye benchi lake. Mama mmoja pembeni alimuuliza, "We ni wa nani humu ndani?"

Suud akazungusha kifuniko cha chupa kwenye kidole.

Mlango ukafunguliwa. Raïssa alitoka, barakoa imeshushwa kidevuni, nywele zimefichwa, amekonda. Alitazama juu ya vichwa vyote.

"Wa Mama Adrien ni nani?"

Msichana mwenye kanga ya bluu akaruka. "Amekufa?"

"Apana, apana. Tunataka kumulaza, tumuwekee mashine. Njo kwanza useme na yeye. Usiogope, ingia na viatu vyako tu."

"Huyo kila mara ni hivyo," mama wa pembeni alimnong'oneza Suud. "Hata daktari akiwa na haraka. Anatoka kwanza, anaita."

Msichana akaingia. Raïssa alikuwa anageuka ndipo alipomwona. Mkono wake ukabaki kwenye kitasa.

"Mi sijamaliza kukukasirikia," alisema Suud.

"Najua."

"Sijui kama itaisha."

"Najua, Suud."

"Dossier umepeleka?"

Akatikisa kichwa.

"Peleka," alisema Suud. "Usiniulie baba bure. Peleka. Halafu nenda huko ndani, wanakungoja. Utaniona ukitoka."

Raïssa aliisikia ahadi ile. Alijua zaidi ya mtu yeyote pale kibarazani thamani yake ni nini. Akapandisha barakoa, akaingia.

Mama Adrien na binti yake walisema kwa Kirundi, kichwa kwa kichwa, juu ya mbuzi, na funguo, na mtu fulani asiyestahili kupewa nyumba. Herménégilde alishika sindano iliyojaa, akatazama dari, akangoja. Msichana alipotoka akijipangusa, Raïssa alikaa kichwani. Midomo yake ilizoea maneno fulani, akayaacha.

"Mwanao amekusikia, mama," alisema. "Sasa pumzika."

Kazi ilichukua muda, kisha ikaja nyingine, na nyingine. Alipotoka jua lilikuwa limevuka kibaraza hadi upande wa benchi. Hakutazama benchi mara moja. Alitazama masufuria, mikeka, msichana wa kanga ya bluu anayekula. Kisha akatazama.

Suud alikuwa pale. Usingizi ulikuwa umemshinda, kichwa kimeegemea ukuta, kofia imeteleza hadi jichoni, chupa ya chai ameikumbatia. Jua lilikuwa likimwingia usoni.

Raïssa akasimama mbele yake, kivuli chake kikamfunika. Akainama.

"Suud," aliita. "Suud. Fungua macho."

Akafungua. Alimtazama kama asiyejua bado yuko upande gani wa usingizi. Uso wake haukucheka. Akasogea benchini, akaacha nafasi, akamgeukia yule mama wa pembeni ambaye hakumjua hata jina.

"Mwambie Raïssa akae," alisema.

Mama akawatazama wote wawili, mmoja baada ya mwingine. "Raïssa," alisema, "huyu mutu anasema ukae."

Raïssa akakaa. Suud akafungua chupa, akamimina chai kwenye kile kifuniko kimoja, akamnywesha kwanza.